Fundo la Nyasi

Gitaa ndilo lililotangulia. Ukungu ulikuwa umelifunika bonde zima, chai haionekani, miti ya bulugamu haionekani, hata mbuzi aliyefungwa hatua kumi kutoka zizini alikuwa kivuli tu chenye pembe. Lakini gitaa lilipanda mlima peke yake, nyuzi zikifukuzana, zikianguka na kuinuka tena, hadi likamkuta Kipngeno amechuchumaa chini ya ng'ombe, paji la uso limeegemea ubavu wa mnyama. Mikono yake ikasimama. Maziwa yakaacha kulia ndooni.

Kwa miaka mitatu bonde lile halikuwa na sauti ya jioni isipokuwa vyura na king'ora cha kiwanda cha chai.

"Wamefungua," alisema Edinah, mkewe, kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa akichambua majani ya managu bila kuyatazama. "Mjaluo wako alisema Alhamisi, na leo ni Alhamisi."

"Nimesikia."

"Kusikia umesikia tangu Jumatatu."

Kipngeno alimalizia chuchu ya mwisho, akampiga ng'ombe kofi la kumruhusu aende, akabeba ndoo. Ni kweli alikuwa amesikia tangu Jumatatu. Siku hiyo Jackton Okeyo alimfuata kwenye kituo cha kununulia chai, mahali Kipngeno anapopima magunia ya wakulima, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba baa yake imesimama tena na Alhamisi itafunguliwa. La pili, kwamba Dolphine, mjane wa ndugu yake Phelix, atakuja kwenye ufunguzi, kisha Jumamosi watakwenda pamoja Nyakach, kwao, mbele ya wazee. Dolphine anataka ua wa boma usogezwe ili kaburi la mumewe liingie ndani. Wazee wamesema sawa, walete mtu anayejua kwa nini Phelix alibaki siku ile. Wasipompata, ua utabaki ulipo na maneno yaishe.

"Na mtu huyo hayuko, omera," Jackton alisema, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Aliyejua ni Phelix mwenyewe."

Mtu huyo alikuwapo. Alikuwa ameshika kalamu na kitabu cha uzani, na hakufungua kinywa. Tangu Jumatatu Kipngeno hakuwa amelala usingizi wa maana.

Edinah alitoka jikoni na kibuyu cha maziwa lala, kimepanguswa hadi shingoni. "Usiende mikono mitupu," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Na usirudi na kile ulichoniambia juzi kikiwa bado tumboni. Mimi nimekibeba siku tatu tu na kimeninyima chakula. Wewe sijui una tumbo la nini."

Aliteremka na kibuyu mkononi.

Watu wa sehemu zile za Kapsoit walikuwa na mzaha wa zamani kuhusu baa ya Jackton. Jackton alikuwa mtu wa ziwa aliyeletwa huku na kazi, fundi wa boila kiwandani, na alipoacha kazi hakurudi kwao. Alipangisha kipande cha ardhi kando ya bwawa la shamba la chai, bwawa la maji baridi ambalo hata bata huingia wakinung'unika, akajenga kibanda cha mbao. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika nchi ile ya udongo mwekundu. Alimshawishi dereva wa lori lililoleta dagaa wa omena sokoni amletee, kila safari, mchanga wa ziwa. Safari baada ya safari mchanga ukamwagwa kando ya bwawa, mweupe, mwepesi, ukitoa harufu ya samaki jua likiupiga. Mbele ya kibanda akaandika kwa rangi ya buluu: BICHI.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bichi katikati ya chai, na baridi ya kukata masikio. Lakini Jumapili wachumaji chai wakashuka, Wajaluo, Wakisii na Wakipsigis, wakavua gambuti, wakatia vidole vya miguu mchangani, na kicheko kikaisha. Mtu ambaye wiki nzima amesimama kwenye matope ana njia yake ya kunyamaza anapokanyaga kitu kikavu.

Ndipo ukaja mwaka wa tisini na mbili. Vita vya makabila vilishuka kutoka kilima hadi kilima, na waliovipanga hawakuunguzwa hata shati. Siku ya Jumanne, saa kumi za jioni, lori lilisimama barabarani kuwachukua Wajaluo wa bonde lile kuwapeleka Nyakach. Jackton alipanda na watoto wake. Dolphine alipanda, tumbo likiwa la miezi sita. Phelix, aliyepakia chai mchana na kulinda baa usiku, aliweka mguu kwenye ngazi ya lori, kisha akaushusha. Alicheka, akasema yeye anabaki. Watu ishirini na watano walimwona akicheka. Usiku ule baa ilichomwa, na yeye ndani yake.

Kwa wazee wa Nyakach ushahidi ulitosha. Mtu aliyeambiwa panda uishi, akacheka na kubaki, amejiua mwenyewe. Na kwao mtu aliyejiua hazikwi ndani ya boma. Phelix alizikwa nje ya ua wa minyaa, upande wa njia ya ng'ombe, na mtoto aliyezaliwa miezi mitatu baadaye hakuruhusiwa kuitwa kwa jina lake.

Lakini Phelix hakubaki kwa kupenda kufa. Alibaki kwa sababu Kipngeno alimwambia abaki.

"Unashuka kwenda kunywa mchanga?"

Chepyegon alitokea ukunguni kwenye njia ya kati ya michai, koti la mvua begani. Walitahiriwa mwaka mmoja, katika kibanda kimoja, na tangu hapo hakukuwa na jambo ambalo mmoja aliweza kumficha mwingine kwa muda mrefu.

"Nashuka kumpa mtu maziwa."

"Maziwa yana miguu? Tangu warudi, kila wiki yanashuka." Chepyegon aliingia njiani mbele yake, akitembea kinyumenyume. "Ndugu yangu, nakujua. Ukitembea hivi, shingo ndani ya mabega, unaenda kusema kitu."

"Naenda kusalimia."

"Salimia basi, kunywa moja, urudi. Yule amekufa. Ukisema, atafufuka? Hatafufuka. Lakini wewe hapa utaitwa mtu aliyeenda kulia kwa Wajaluo, na kwao utaitwa muuaji. Utakuwa umejitengenezea makabila mawili ya kukuchukia, kama moja halikutoshi."

"Nipishe, Chepyegon."

"Nitakupisha. Tena nitakufuata, nihakikishe unakunywa moja tu."

Baa mpya haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya mabati matupu, juu na pande zote, iking'aa kama sufuria iliyotoka dukani chini ya mwanga wa karabai mbili. Neno BICHI lilikuwa limeandikwa upya, kwa rangi ile ile. Mchanga ulikuwa ule ule pia, kwa kuwa mchanga hauungui, lakini Kipngeno aliona kwamba karibu na kizingiti ulikuwa bado na weusi ambao hakuna reki ingeweza kuuondoa.

Viti vilikuwa thelathini na watu hawakufika kumi na tano. Majirani kadhaa wa Kipsigis walisimama barabarani, mikono ndani ya makoti, wakisikiliza muziki bila kukanyaga mchanga. Waliokuwa ndani walikaa migongo ukutani na nyuso mlangoni. Gitaa la kaseti lilijitahidi, likarukaruka, lakini lilikuwa kama mtu anayesimulia kichekesho matangani.

Pembeni, Ogeto, Mkisii wa Sotik aliyeitwa kuchoma nyama, alipeperusha moshi kwa kipande cha katoni.

"Karibuni bichi," aliwaambia. "Samaki hakuna. Kuna mbuzi, lakini alikufa akijua kuogelea."

"Nyama yako inanuka mafuta ya taa," Chepyegon alisema.

"Hiyo ni pua yako, mzee. Nyumbani kwenu mnapika kwa nini, kwa maombi?"

Mmoja wa waliokaa alicheka, na kicheko kikakatika haraka, kana kwamba aliyecheka amekumbuka mahali alipo.

Jackton alitoka nyuma ya kaunta. Alikuwa amekonda tangu miaka ya boila, na shati lake jeupe lilisimama mbali na shingo. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kaunta mahali ambapo kila mtu angekiona.

"Hesabu milango, omera," alisema.

Kipngeno alihesabu. Kulikuwa na mmoja wa mbele, mmoja wa kando kuelekea bwawani, na mmoja wa nyuma.

"Mitatu. Fundi aliniuliza ni baa gani hii yenye milango mingi kuliko madirisha. Nikamwambia, wewe piga misumari." Jackton alitabasamu kwa mdomo tu. "Ya zamani ilikuwa na mmoja. Njoo, nimekuwekea kiti."

Kiti kilikuwa karibu na kaunta, chenye mto wa kitambaa. Kipngeno hakutaka kukikalia, lakini Jackton alimsukuma taratibu begani mpaka akakaa, kisha akainua mkono, gitaa likapunguzwa.

"Sina maneno mengi," Jackton aliwaambia wageni wake. "Mwaka jana tuliporudi hapa, tukilala kwenye turubai, mtu wa kwanza kushuka mlima ule alikuwa huyu. Hakuja na mkuki, alikuja na maziwa. Tangu siku hiyo hajakosa wiki. Kuna watu hapa wananiuliza, Jackton, utajengaje tena mahali palipokuunguza? Nawajibu, nina jirani. Mtu mwenye jirani mmoja anaweza kujenga."

Watu walipiga makofi machache. Kipngeno alitazama chupa aliyowekewa mbele, povu likipanda shingoni na kumwagika, na hakuigusa. Alikuwa ameshuka na maneno yamejipanga kinywani. Sasa kila sifa iliyotoka kwa Jackton ilikuwa kama jiwe linalowekwa juu yake, na yeye chini anapaswa kusukuma ili atoke.

Dolphine alikuwa ameketi karibu na mlango wa nyuma, soda mbele yake, viatu miguuni. Watu wengine wote walikuwa wamevua viatu kwa heshima ya mchanga, lakini si yeye. Siku hizi alikuwa akiuza omena soko la Sondu, na mikono yake ilikuwa imekakamaa kwa chumvi na jua. Muziki ulipopandishwa tena aliinuka, akavuta kiti chake, akaja kuketi karibu na Kipngeno.

"Shemeji."

"Dolphine. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nimemwacha kwa mama yangu." Alizungusha chupa ya soda mezani. "Nataka kukuuliza kitu, na usinifiche kwa sababu mimi ni mjane. Nyinyi mlikuwa kwa kituo pamoja. Wewe unapima, yeye anapakia kwa lori. Alikuwa anakunywa?"

"Phelix? Alikuwa anakunywa chai tu."

"Kule wanasema alikuwa amelewa. Wale wa huruma ndio wanasema hivyo, wanajaribu kunisaidia. Wasio na huruma wanasema alikuwa amechoka na mimi." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei. "Jumamosi wataniuliza, kwa nini alibaki? Nitasema sijui. Nimefanya mazoezi ya kusema sijui. Nimesema njiani peke yangu, nimesema nikipanga omena. Bado haijatoka vizuri."

Kipngeno alifungua kinywa. Nyuma yake akahisi mkono wa Chepyegon ukishika koti lake, kwa upole, kama unavyoshika kamba ya ndama.

"Shemeji yako amechoka," Chepyegon alimwambia Dolphine. "Ng'ombe wanazaa wiki hii. Tunaenda."

"Ng'ombe gani?" Dolphine aliuliza.

"Wengi."

Kipngeno aliinuka. Baadaye hangeweza kusema kama aliinuka ili aende au ili aseme, kwa sababu mvua iliamua kwa niaba yake. Ilikuja kama inavyokuja katika nchi ya chai, bila tone la kwanza, mawe ya barafu ndani yake, na mabati mapya yakalia kama ngoma elfu. Waliokuwa nje mchangani wakakimbilia ndani. Ogeto aliingia na wavu wa nyama juu ya kichwa. Hata wale wa barabarani, waliokuwa wameapa miguu yao isikanyage pale, waliingia wote wakijisonga, makoti yakivuja, Wakipsigis na Wajaluo bega kwa bega kwa sababu hakukuwa na pengine pa kusimama. Jackton alizima kaseti. Haikusikika hata hivyo.

Msongamano ulimsukuma Kipngeno nyuma hadi akaketi tena, uso wake karibu kabisa na wa Dolphine. Na ndani ya kishindo kile, mahali ambapo mtu hangesikia hata jina lake mwenyewe, alisema.

Alisema yote. Midomo yake ilitembea na maneno yakatoka, akayahisi yakipita kooni, lakini masikio yake mwenyewe hayakuyapata. Alipomaliza alihisi wepesi wa mwizi aliyerudisha mbuzi usiku bila kubisha hodi. Amesema. Hakuna wa kumwambia hakusema. Angeweza sasa kuinuka, kupita mlango wowote kati ya ile mitatu, kupanda mlima na kumwambia Edinah, nimesema.

Dolphine alikuwa akimtazama mdomoni. Aliinama, akaleta sikio lake karibu, akapiga kelele:

"Sikusikia. Ngoja ipungue useme tena."

Wakangoja. Mvua haikuwa na haraka. Chepyegon alimtazama rafiki yake juu ya vichwa vya watu na kutikisa kichwa mara moja. Barafu ikaisha, yakabaki maji, maji yakapungua, hadi mtu mmoja akakohoa na kila mtu akamsikia.

"Ulikuwa unasema?" Dolphine aliuliza.

Ndani ya baa ile hakukuwa na sauti nyingine. Kipngeno aliangalia mlango wa nyuma, kisha akaacha kuuangalia.

"Phelix hakuwa amelewa," alisema. "Na hakuwa amechoka na wewe. Mimi ndiye nilimwambia abaki."

Jackton, aliyekuwa akifungua chupa, aliiacha kifuniko kikiwa nusu.

"Asubuhi ile nilishuka hapa. Mnajua nyasi kwetu ni nini." Alisema hivyo kwa wote, kwa kuwa wote walikuwa wakisikiliza. "Watu wakipigana, mmoja aking'oa nyasi mbichi akaziinua mkononi, hakuna Mkipsigis atakayempiga. Fimbo inashuka. Basi niling'oa nyasi pale kando ya bwawa, nikazifunga fundo kwenye komeo la mlango. Nikamwambia Phelix, hii ni nyasi yangu, hakuna mtu wetu atakayeivuka, baki ulinde mali ya ndugu yako. Akaniuliza, na wakija gizani wasione? Nikamwambia jioni nitashuka mwenyewe nizishike mkononi, nisimame hapa mlangoni mpaka asubuhi. Ndiyo maana hakupanda lori. Ndiyo maana alicheka. Alikuwa anajua nakuja."

"Na ulikuja?" Dolphine aliuliza.

"Nilifika kwenye michai ya juu. Nikasikia mbiu upande ule wa pili wa kilima, si sauti za watu ninaowajua. Nikarudi. Nilikaa jikoni kwangu mlango umefungwa, mpaka nikaona mwanga wa moto ukutani."

Maji yalidondoka kutoka ukingo wa paa, moja, moja.

"Asubuhi nilikwenda kwa mzee Kipkosgei, nikalia kwamba watu wameivuka nyasi yangu, wamevunja desturi. Aliniuliza, ilikuwa mkononi mwa nani? Nikamwambia, kwa komeo. Akaniambia, nyasi bila mkono ni chakula cha ng'ombe. Akaniambia nisimtajie desturi tena."

Jackton alitoka nyuma ya kaunta polepole. Alisimama mbele ya Kipngeno, na kwa muda ilionekana kwamba angempiga, na wale wa barabarani wakaanza kusogea, na Wajaluo wakasogea pia.

"Toka kwenye kiti changu," Jackton alisema.

Kipngeno alisimama.

"Mwaka mzima unaniletea maziwa."

"Ndiyo."

"Nikanywa. Watoto wangu wakanywa. Nikasimama hapa mbele ya watu, nikasema nina jirani." Sauti yake ilikuwa kavu. "Kila usiku, Kipngeno, kila usiku mimi najiuliza kwa nini sikumvuta kwa shati. Nilikuwa juu ya lori, mkono wangu ulikuwa unafika. Nikasema, Phelix ni mtu mzima. Miaka mitatu nimebeba hiyo. Wewe uliniona nikiibeba."

"Nilikuona."

"Na ukaniletea maziwa."

"Jackton," Dolphine alisema. "Ngoja kidogo. Huyu bado ni wangu."

Alikuwa hajainuka. Mikono yake ilikuwa imeshika kingo za meza, na machozi yalikuwa yakishuka yenyewe, bila kelele, naye hakuyapangusa.

"Ulipofunga hizo nyasi," alimwuliza Kipngeno, "yeye alisema nini?"

"Alisema, Kipngeno, yule ng'ombe wako mweusi akitoroka leo akija kula ulinzi wangu, nitamkamua mpaka damu."

Kitu kilimtoka Dolphine ambacho kilianza kama kicheko na hakikufika. Aliinamisha kichwa juu ya meza, akakaa hivyo. Mwanamke mmoja wa Kipsigis, aliyeingia na mvua na ambaye hakuwa amemsalimu mtu, alimwekea mkono mgongoni, kisha akauondoa kana kwamba ameungua.

"Hiyo ni sauti yake," Dolphine alisema alipoinua kichwa. "Wewe hukutunga hiyo. Miaka mitatu nimelala na mtu aliyenikimbia. Kumbe alikuwa anamngoja rafiki yake."

"Nisamehe."

"Hapana," alisema, bila ukali. "Hiyo sina leo. Labda nitakuwa nayo siku nyingine, labda sitakuwa nayo. Nataka kitu kingine. Haya maneno nikiyabeba mimi hadi Nyakach, watasema mjane ametunga. Jackton akiyabeba, watasema anasafisha jina la ndugu yake. Wewe utayasema?"

"Usiahidi," Chepyegon alisema kwa Kipsigis, kisha akarudia kwa Kiswahili, wote wasikie, kwa kuwa hakuwa mtu wa kunong'ona. "Usiahidi, ndugu yangu. Kule kuna watu waliochomewa, na wewe utaenda kusimama katikati yao useme mimi ni nani? Mama, akupe barua. Ataiandika, mimi nitaweka kidole."

"Barua wataiuliza maswali?" Dolphine alisema.

"Hatarudi."

"Anaweza asirudi," Jackton alisema. Alikuwa ameegemea kaunta sasa, kama mtu aliyezimiwa moto ndani. "Sitakudanganya. Kuna vijana kule ambao hata mimi siwezi kuwazuia. Na njiani sitakuwa rafiki yako. Nitakaa mbele, wewe utakaa nyuma, na sitaongea na wewe. Lakini ukifika bomani kwa baba yangu, nitawaambia nani alikualika."

Mvua ilikuwa imekwisha. Ogeto alikuwa amesimama na wavu wake wa nyama iliyolowa, hajui pa kuuweka. Mmoja mmoja wale wa barabarani walianza kutoka, wakipita mlango wa mbele ule ule walioingilia, bila kumtazama Kipngeno, na yeye alijua kwamba kabla ya kesho jioni kila nyumba kutoka pale hadi Kapsoit itakuwa na habari, na kwamba kwenye kituo cha chai kutakuwa na wakulima watakaotaka magunia yao yapimwe na mtu mwingine. Alimfikiria Edinah. Alifikiri juu ya kibanda cha jikoni na mwanga ule ukutani, jinsi ulivyokuwa mzuri kwa rangi, jinsi alivyokaa akiutazama.

Chepyegon alikuwa bado amesimama mlangoni, koti la mvua mkononi, akimngoja aende naye nyumbani.

Kipngeno alimgeukia Dolphine. Hakuketi, na hakuinamisha kichwa, na alisema kwa sauti ambayo hata wale waliokuwa wamefika barabarani waliisikia.

"Jumamosi alfajiri, kabla gari halijaja, utanikuta nimesimama hapo barabarani. Nitakwenda nawe Nyakach. Nitasimama mbele ya wazee wako, nitaje jina langu na jina la baba yangu, niseme Phelix alibaki kwa neno langu, na mimi nikabaki jikoni. Wakinipiga, nitalisema nikipigwa. Sitaondoka kwenye boma lile mpaka waseme kaburi lake liko ndani."